Mtandao wa Wenye Tai

Siku waliyotuachisha kazi walitupa chai, mkate uliopakwa siagi na mafunzo ya mtandao.

Nilikuwa mwonjaji wa chai katika kiwanda kimoja upande wa Kericho. Kila asubuhi nilisimama mbele ya safu ya vikombe vyeupe, nikavuta chai kutoka kwenye kijiko kwa kelele kama mtu asiyefunzwa adabu, nikaizungusha mdomoni, nikaitema kwenye ndoo, kisha nikasema kama majani yalinyaushwa vizuri au yaliachwa yakachacha kupita kiasi. Nilifanya hivyo miaka mingi. Ukinipa kikombe, ningeweza kukuambia jani limetoka shamba la juu karibu na msitu au la chini karibu na mto. Kisha kampuni ikaleta mashine za kuchumia, wachumaji wakapunguzwa. Baada ya hapo wakubwa wakaamua kwamba uonjaji wote utafanyiwa Mombasa. Mimi na wachumaji wa mwisho tukaitwa siku moja kwenye ukumbi wa kantini.

Ofisa wa wafanyakazi alisema kampuni haitufukuzi, inatuachilia. Alilirudia neno hilo kana kwamba sisi ni ndege. Akasema kwa kuwa kampuni inatujali, imemleta mkufunzi kutoka Nairobi atufundishe kujiuza mitandaoni, hasa kwenye ule mtandao mmoja wa watu wa kazi, ambako mabosi wanatafutia wafanyakazi. Sisi tuliuita mtandao wa wenye tai, kwa sababu watu wote ambao mkufunzi alituonyesha ukutani walikuwa wamevaa tai na kukunja mikono kifuani.

Wachumaji wengi walikuwa na simu zile ndogo za mulika mwizi, ambazo haziingii mtandaoni. Mkufunzi hakujali. Aliwaambia waandike kwanza kwenye karatasi. Karibu nami aliketi mama mmoja aliyetoka upande wa Kisii na kuishi kwenye nyumba za laini, zile za safu ambazo kampuni huwapa wafanyakazi, hadi wajukuu wakazaliwa humo. Nilimfahamu kwa sababu kikapu chake hakikuwa na jani gumu hata moja. Aliinua mkono.

"Hapo ndani mtu anasalimia namna gani?"

"Husalimii, mama. Unaunganika."

"Unaunganika na mtu ambaye hujamsalimia?"

Watu wakacheka. Mkufunzi naye akacheka, akamwendea, akasoma karatasi yake.

"Umeandika wewe ni mchumaji. Andika mtaalamu wa mavuno."

"Mimi ni mchumaji."

"Mchumaji haiuzi, mama."

Yule mama aliikunja karatasi yake mara nne akaitia ndani ya sweta. Mimi nilikuwa nimeandika kwenye yangu kwamba ni mtaalamu wa ubora wa vinywaji na kiongozi mwenye maono, na mkufunzi akanisifu mbele ya wote. Nilifurahi. Hilo ndilo linalonichukiza nikikumbuka siku ile, kwamba nilifurahi.

Nilikuwa nimepanga vyumba viwili mjini Kericho. Kwa kuwa sikuwa na pa kwenda asubuhi, nilifanya mitandao kuwa kazi. Nilioga, nikavaa shati la kola, nikaketi mezani na simu. Kwa miezi kadhaa niliizunguka mitandao yote ambayo watu waliniambia ndiko kazi ziliko, na kama kuna jambo naweza kulizungumzia kwa ujuzi siku hizi mbali na chai, ni tofauti ya hiyo mitandao.

Kwenye mtandao wa wenye tai hakuna mtu aliyefukuzwa. Kila mtu anafungua ukurasa mpya. Mtu akihudhuria semina ya siku moja anasema amenyenyekezwa na heshima hiyo, halafu anaweka picha nne zake mwenyewe. Mtu akifiwa na mzazi, anaandika mambo matano aliyojifunza kuhusu uongozi kando ya kaburi. Kila mtu humo anazungumza kama tangazo la benki. Wiki ya tatu nikamkuta meneja wetu wa zamani. Alikuwa ameweka picha ya siku ile ya kantini, yeye akimkabidhi mama mmoja mzee, mchumaji, blanketi, mkono wake begani mwa yule mama, na yule mama anatazama pembeni. Aliandika kwamba anajivunia kuongoza safari ya mabadiliko yenye utu. Mamia ya watu walikuwa wamempongeza. Nilijua blanketi lile, wazee walipewa wakitoka ukumbini. Lilikuwa na nembo ya kampuni na lilikuwa jepesi hivi kwamba ungeliona dirisha upande wa pili.

Nikampa laiki. Nikaandika chini yake, "Hongera sana, mkuu." Nilitumaini ataniona.

Mtandao wa pili ni ule wa zamani, ambao kila mtu wa kwetu yumo, kuanzia wanafunzi niliosoma nao hadi mchungaji wetu. Humo watu hawajifanyi mabosi, lakini humo pia hakuna mlango. Unaona tangazo la kifo, chini yake ng'ombe mwenye mimba anauzwa Kipkelion, chini yake mtu anaahidi kazi ya kupanga matunda ng'ambo, nauli na chakula juu ya mwajiri. Nilimwandikia mmoja wa hao wenye kazi za ng'ambo. Alinijibu baada ya dakika moja, akaniita mpendwa, akaomba picha ya kitambulisho changu pande zote mbili. Nilipiga upande wa mbele. Nilipogeuza kitambulisho nipige wa nyuma, nikajiuliza ni mwajiri gani hujibu kwa dakika moja, nikaacha. Mimi, mtu mzima niliyewahi kukataa shehena nzima ya chai mbele ya wazungu, nilikuwa nusu ya safari kuelekea kwa mwizi aliyeniita mpendwa.

Lakini sitaki kusema uongo juu ya mtandao ule. Dada yangu, ambaye ni fundi wa kushona na kufuma pale sokoni Bomet, anaweka humo picha mbaya za sweta za shule, nyingine nusu zimekatwa, na watu wanakuja. Hajawahi kuandika kwamba ana maono. Anaandika, "Sweta ziko, saizi zote, niko pale pale."

Halafu kuna magrupu ya simu. Nilikuwa katika grupu la waliokuwa wafanyakazi wa kiwanda, na baadaye wachumaji waliopata simu kubwa kutoka kwa watoto wao wakaingizwa. Humo kuna maombi ya asubuhi, mahubiri yaliyorekodiwa, picha za maua zenye mistari ya Biblia, na sauti za akina mama wanaozungumza kama wako shambani, kila mmoja akimwitia mwenzake wa mstari wa pili. Kutafuta habari ya kazi humo ni kama kuchagua mawe kwenye maharagwe. Niliyazima makelele yake, nikawa naingia mara moja kwa wiki. Niliwaona kama watu waliobaki nyuma.

Na ule wa video fupi, sitausema sana. Watu wanatoka mbali kuja kucheza ngoma katikati ya chai yetu kwa sababu kijani chake kinapendeza kwenye simu. Wanakanyaga vichipukizi na kuondoka.

Kwa hiyo nilishikamana na mtandao wa wenye tai. Niliuona safi. Hakukuwa na ng'ombe humo. Lakini miezi ilipita na hakuna aliyeniandikia isipokuwa watu wengine wasio na kazi waliotaka niwasaidie kupata kazi. Ndipo nikamwandikia yule mkufunzi. Alinijibu kwa mstari mmoja. "Watu hawaajiri cheti, wanaajiri hadithi. Hadithi yako iko wapi?"

Nikaandika juu ya mama.

Mama yangu alichuma chai ya kampuni karibu maisha yake yote ya kufanya kazi. Sasa anaishi Kimulot, kwenye kipande cha ardhi cha familia kisichokuwa mbali na msitu wa Mau, na magoti yake hayapandi tena mlima. Hayo ni kweli. Niliandika kwamba alichuma miguu mitupu kwenye baridi ya alfajiri. Hiyo si kweli. Kampuni iliwapa gambuti, vile viatu virefu vya mpira, na mama alizipenda zake hata akawa anaziosha kabla ya kula. Niliandika kwamba alinilea peke yake. Baba yangu alikuwa hai wakati huo, akiendesha trekta la kubebea majani, na jioni alinibeba begani. Amefariki sasa, na nilimwondoa kwa sababu mama mjane anasomeka vizuri zaidi. Niliandika kwamba aliuza ng'ombe wake wa pekee ili niende sekondari. Hatukuwa na ng'ombe wa kuuza. Ada yangu ilipatikana kwa sababu dada yangu aliacha shule kidato cha pili, akaenda kujifunza cherehani, akaanza kuleta nyumbani alichopata. Dada yangu sikumtaja popote. Mwisho niliandika mambo matatu ambayo vidole vya mama vimenifundisha kuhusu ubora.

Niliweka pamoja na picha ya mama ya zamani, ile ambayo amekaza macho kwa sababu ya jua, ingawa nilijua watu wataona ni mateso.

Kufikia jioni posti ile ilikuwa imefika mahali ambapo hakuna kitu changu kiliwahi kufika. Watu wenye tai walilia. Mmoja aliandika kwamba amesimamisha mkutano ili awasomee wenzake. Meneja wetu wa zamani, yule wa blanketi, aliandika kwamba akina mama kama hawa ndio uti wa mgongo wa sekta yetu. Niliisoma ile komenti nikiwa nimesimama, kisha nikaketi, na nikahisi kinywani ladha ya chai iliyolala kwenye birika siku mbili. Hata hivyo nilimjibu. Nilimshukuru.

Siku ya pili dada yangu akapiga simu. Mtu alikuwa amemtumia. Kwetu tunazungumza Kipsigis, lakini alianza na Kiswahili, na nikajua ana hasira.

"Nimesoma ile kitu ya mama," akasema. "Nimesoma mara mbili nikitafuta mahali mimi niko."

"Ilibidi iwe fupi. Watu wa pale hawapendi kitu kirefu."

"Na baba? Yeye pia alikuwa mrefu?"

Niliisikia cherehani ya mtu mwingine ikienda nyuma yake.

"Ng'ombe gani mama aliuza?"

"Ni maneno tu ya kutafuta kazi."

"Mimi sijasema usitafute kazi," akasema. "Mimi nilitoka shule ili upate kazi. Sasa umetafuta ingine kwa kunitoa hata huko kwa hadithi. Sawa. Ikupate."

Akakata simu. Nilikaa na ile simu mkononi, na jambo la kwanza nililofanya, nalisema kwa aibu, lilikuwa kuangalia ni watu wangapi zaidi wameipenda posti.

Kazi ilionekana kunipata kweli. Mama mmoja wa Nairobi, mkuu wa masoko wa kampuni changa inayofunga chai kwenye pakiti nzuri za kuuza ng'ambo, aliniandikia kwamba amenitafuta kwa sababu ya ile hadithi. Tulikutana kwenye hoteli moja Kericho. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye heshima. Nilikuwa nimebeba kijiko changu cha kuonjea mfukoni, kwa kuwa nilidhani atanipima.

"Kuna sampuli ya kuonja?" nikamwuliza.

"Kuonja kutakuja baadaye," akasema. "Sasa hivi tunataka balozi. Chai yetu ni ya kuchumwa kwa mkono, na sura ya mkono huo ndiyo hatukuwa nayo. Wewe na mama yako mnayo. Tutaanza na video moja fupi. Anaweza kutoka hadi shambani?"

"Ameacha kuchuma siku nyingi."

"Si lazima achume sana."

Nilienda Kimulot kumwambia mama. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake nje ya jikoni akichambua mboga. Nilimweleza kwamba kuna watu wanataka kumpiga picha kwenye chai, na kwamba hiyo itanisaidia kupata kazi. Aliuliza kama ni watu wa serikali. Nikasema hapana. Aliuliza kama watakunywa mursik, maziwa yetu ya mgando, wakija, maana alikuwa na kibuyu kilichokuwa tayari. Nikasema hawataingia nyumbani, watatuchukua kwa gari. Akasema sawa.

Siku hiyo alivaa gauni la kanisani, kitambaa cheupe kichwani, na viatu vyeusi vya ngozi ambavyo dada yangu alimnunulia Krismasi. Alikuwa amevipaka rangi vikang'aa. Gari lilitupeleka kwenye shamba kubwa ambalo wale watu walikuwa wameomba kulitumia kwa siku moja. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na udongo mwekundu ulikuwa laini. Walimpa kikapu cha mianzi cha kubeba mgongoni. Mama alikigeuza geuza. Yeye alichuma kwa kikapu cha plastiki tangu sijajua kusoma.

Mpiga video alimtazama juu hadi chini, akamvuta mkuu wa masoko pembeni wakanong'ona. Kisha akaja.

"Mama, tunaomba utoe viatu."

Mama akaniangalia mimi. "Kwa nini?"

"Kwa hadithi ya mwana wako, ulikuwa unachuma bila viatu," mpiga video akasema. Alisema kwa upole. Hakuwa na kosa. Alikuwa amesoma nilichoandika.

Mama hakuwa amesomewa posti ile na mtu yeyote. Alinitazama mimi, si mpiga video. Ningeweza kusema wakati ule, ni mimi niliyedanganya, mwacheni na viatu vyake. Nilikuwa na mdomo, ulimi na pumzi. Nikasema, "Eiyo, mama yangu, ni kidogo tu."

Aliketi ukingoni mwa barabara ya shamba. Ilimchukua muda kuinama kwa sababu ya magoti. Akavua kiatu kimoja, akavua kingine, akatoa soksi, akazikunja akazitia ndani ya viatu, akaninyooshea. Nikavipokea. Alishuka kwenye chai, akishika matawi ili asiteleze, na mimi nikabaki barabarani nimeshika viatu vya mama yangu huku mtu akimwambia, "Tabasamu, mama. Kama unakumbuka mambo mazuri."

Nimewahi kutema vitu vingi vibaya maishani: chai ya moshi, chai iliyooza, chai iliyolala karibu na mafuta ya taa. Sijawahi kuwa na kinyaa kama kile nilichokuwa nacho nikiwa nimesimama pale, na sikuwa na mahali pa kukitema, kwa sababu kilikuwa mimi.

Vidole vyake vilienda vyenyewe kwenye vichipukizi, kisha vikasita. Niliona anatafuta jani la kuchuma na halipati. Alichuma kidogo hapa, akavuta pale, akatupa. Waliridhika. Walimpiga picha miguu yake ikiwa kwenye matope, karibu kabisa, hadi kucha zikaonekana. Walipomaliza nilimpangusa miguu kwa leso yangu kabla avae soksi, na aliniacha nifanye hivyo.

Kwenye gari, tulipokaribia nyumbani, akasema kwa Kipsigis, ili wale wasielewe, "Hiyo chai imenyolewa."

"Nini?"

"Imekatwa na mashine. Juu ni sawa kama meza. Majani yamekatwa katikati, vijiti vimebaki vimesimama, ndivyo vimenichoma miguu. Nimetafuta majani mawili na kichipukizi cha kukatwa kwa kidole, sikuona. Wanasema hapo watu wanachuma na mkono?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Wewe umeona?"

Nilikuwa nimeona viatu tu. Lakini waliponishusha mjini walinipa pakiti ya chai yao, nzuri, yenye mchoro wa mkono wa mwanamke. Nilichemsha maji nikaionja mchana ule, peke yangu, kwa kijiko changu. Kulikuwa na nyuzi na vijiti ndani yake, na ile ladha bapa ya jani gumu lililochanganywa na laini kwa sababu mashine haichagui. Mama alikuwa amejua kwa nyayo. Nami nilijua kwa ulimi. Na mashine hizo hizo ndizo zilizomtoa yule mama wa Kisii kwenye laini, pamoja na wenzake wote.

Ningependa kuandika kwamba niliinuka pale pale nikapiga simu kukataa kazi. Sikuinuka. Nilijiambia kwamba pengine pakiti ile moja ni mbaya, pengine nikiingia ndani nitaboresha mambo. Nilikaa na mawazo hayo siku mbili, kama mtu anayefuga nyoka akimwita mkanda. Siku ya tatu video ikatoka, kwenye mtandao wa wenye tai na kwenye ule wa video fupi pia. Ilikuwa na muziki wa kinanda. Maandishi yalisema mama huyu bado anachuma kila alfajiri, miguu mitupu, jani kwa jani, kwa ajili ya kikombe chako.

Niliandika chini yake: "Huyu ni mama yangu. Aliacha kuchuma kitambo. Alikuwa na viatu. Mlimvua, na mimi nilivishika. Hadithi ya miguu mitupu niliitunga mimi. Chai iliyo kwenye video imekatwa kwa mashine." 

Kwenye ule wa video fupi, maneno yangu yalizama chini ya mioyo na vicheko. Kwenye ule wa wenye tai yalikaa chini ya saa moja, kisha yakafutwa. Mkuu wa masoko aliniandikia kwamba amesikitika, kwamba tungezungumza faraghani, na kwamba mazungumzo ya kazi yamefika mwisho. Nilifuta posti yangu ya mama. Mwenzangu wa zamani kiwandani, ambaye sasa ni mkubwa mahali pengine, alinitumia ujumbe wa siri: "Unajiharibia jina, ndugu yangu. Humo watu hawasemi vitu kama hivyo." Alikuwa sahihi. Humo hawasemi.

Walisema kwenye grupu. Nilipoingia nikakuta video imefika, na sauti nyingi za akina mama chini yake. Mmoja aliuliza kwa nini wanamtembeza mzee wa watu pekupeku wakati hata kampuni mbaya ilitoa gambuti. Mwingine alicheka kikapu cha mianzi hadi akakohoa. Mmoja baada ya mwingine walisema jambo alilolisema mama: hiyo meza ni ya mashine. Sauti ya mwisho ilikuwa ya yule mama wa Kisii, aliyenunuliwa simu na binti yake. Hakucheka. Alinitaja kwa kazi yangu, yule mtu wa kutema chai, akasema binti yake amemsomea nilichoandika chini ya ile video na anataka kujua kama mama yangu hajambo. Nilimtumia sauti. Nilimwambia yote, mbele ya watu wote wa grupu, kuanzia ng'ombe hadi viatu. Nilipomaliza mtu akatuma mahubiri, na maisha yakaendelea.

Lakini kesho yake yule mama wa Kisii alinipigia. Alikuwa akichuma kwa mkono kwa wakulima wadogo waliojiunga kuanzisha kiwanda chao kidogo, na chai yao ilikuwa imerudishwa na mnunuzi bila wao kujua kosa ni nini. Alikuwa amekwenda ofisini mwenyewe kumwambia mwenyekiti kwamba anamjua mtu.

"Nimemwambia unajua kuonja," akasema. "Nimemwambia pia ulidanganya juu ya mama yako. Nimesema yote mawili, asije akasikia nje."

Nilienda. Mwenyekiti, mkulima mwenye ng'ombe wachache na chai kidogo, hakuniuliza juu ya maono. Alinipangia vikombe. Nilionja, nikatema, nikamwambia kwamba majani yao ni mazuri lakini yanakaa kwenye magunia yakipata joto kabla ya kufika kiwandani. Alisema nije tena Jumatatu. Niko huko sasa, siku chache kwa wiki, si kazi kubwa kama ile ya zamani. Mwenyekiti aliwahi kuniuliza wapi atangaze chai yao, na nikamwambia ukweli: wanunuzi wakubwa wako kwenye mtandao wa wenye tai, na itabidi tuingie, na kila tukitoka humo tunawe mikono. Ninaandika huko mambo mafupi. Jani, siku lilipochumwa, nani wa kupigiwa simu. Hakuna anayelia.

Mama nilimwomba radhi, lakini ilichukua muda. Tulikuwa tunapukuchua mahindi. Nilimweleza posti, na baba niliyemwondoa, na ng'ombe. Alisikiliza hadi mwisho.

"Baba yako angechukia," akasema. Akaendelea kupukuchua. Baadaye kidogo akaongeza, "Ungeniambia mapema, ningevaa gambuti za zamani. Bado ziko."

Dada yangu ndiye aliyebaki. Kwa miezi alinijibu kwa neno moja moja. Mwishowe nilienda Bomet, nikaketi kwenye kibanda chake katikati ya sweta za kijani na za maruni, nikamwambia nataka kuandika jambo hili lote kama lilivyokuwa, yeye akiwemo, na nikamwomba ruhusa. Alikuwa anashona vifungo. Hakuinua kichwa.

"Utaweka wapi? Kwa wale wa tai?"

"Hapana. Kwa kitabu."

"Andika basi. Lakini usiandike niliacha shule kwa moyo mmoja, kama wale watu wa hadithi. Andika nililia. Andika nilikaa wiki nzima siongei na wewe, na sikutaka cherehani."

Nikasema nitaandika hivyo. Mteja akaingia kuulizia sweta ya mtoto wa darasa la nne, na dada yangu akainuka kumtafutia saizi.